Mikono ya Bluu

Nianze kwa kusema Marina Drodge si mtu mbaya, maana ukisikia alichofanya utatamani kumzaba kibao, na hata mimi nilitamani. Ni mwalimu wa kuchomelea vyuma kwenye chuo cha ufundi mjini St. John's. Mkono wake ni mwepesi na sifa zake zimezunguka kisiwa kizima cha Newfoundland. Tena alizaliwa na kulelewa kwenye kijiji cha ghubani kama sisi wengine, akala mkate wa mama zetu, akafundishwa kuwaheshimu wakubwa. Mtu wa hivyo unategemea adabu iwe imemwingia.

Chuo kilimpa darasa la mbali. Wanafunzi wake hawakuja mjini. Kila mmoja alibaki kwao, stoo kwake, mbele ya mashine yake ya kuchomelea, amevaa miwani minene inayofunika nusu ya uso na glavu zilizoshonewa nyaya kwenye kila kidole. Ukishavaa, unaona mikono ya mwalimu imekuja kukaa juu ya mikono yako. Ni ya bluu na inapitisha mwanga. Mwalimu akipinda kifundo, nawe unapinda. Akisogeza tochi ya kuchomelea, nawe unasogeza. Moto ukiwaka, miwani inajitia giza yenyewe. Kazi ya mwanafunzi ni moja tu: mikono yake isitoke ndani ya ile ya bluu. "Kaeni ndani ya mikono yangu," Marina aliwaambia kila asubuhi, na wao wakakaa. Pembeni kila mmoja aliiona pia mikono ya wenzake, imeelea bila miili, kila mtu na kazi yake.

Aliyekaa kwa bidii kuliko wote alikuwa Mjomba Ambrose Keeping wa Noggin Bight. Darasa zima lilimwita Mjomba, kama mtu mzima anavyoitwa huku kwetu hata kama hamna undugu. Alikuwa na wajukuu tayari. Maisha yake mengi yaliliwa na Alberta, upande wa pili wa nchi, kama ya nusu ya wanaume wetu: majuma kambini kwenye machimbo ya mafuta, majuma machache nyumbani, halafu uwanja wa ndege tena. Blanche, mkewe, alikuwa akisema ameolewa na begi la safari. Sasa ng'ambo ya ghuba kulikuwa kunafunguliwa karakana ya boti za alumini, na mwenye karakana alishamwambia Ambrose alete cheti cha kuchomelea alumini, kazi ni yake. Mambo yalikuwa hivyo tu. Akipata cheti, anazeekea nyumbani kwake. Akikikosa, anarudi Alberta, na miaka aliyobakiwa nayo ataimalizia kwenye kitanda cha kambi.

Tatizo lilikuwa mikono. Alumini haina subira. Unashika tochi mkono huu na waya wa kujazia mkono ule, unayeyusha kidimbwi kidogo cha chuma, unakitembeza polepole huku unakilisha waya. Mkono ukiyumba tu, umetoboa. Na mikono ya Ambrose ilitetemeka. Mwanzoni kidogo, halafu zaidi kadiri mtihani ulivyokaribia. Mishono yake ilijaa vinundu na matundu. Marina alimrekebisha kwa upole. "Tulia, Mjomba. Shusha mabega. Kaa ndani ya mikono yangu." Mzee alijibu, "Nipo, mwalimu. Nipo ndani," kisha akatoboa tena.

Sasa siku yenyewe. Kutoka kwenye chumba kile cha ndani ya miwani kuna utaratibu: unakutanisha viganja, unavibana mpaka mikono yako inapotea machoni mwa wenzako. Bila hivyo bado upo, hata ukiivua miwani: sauti hukatika, mikono hubaki. Kila mwalimu anajua hilo, na kila mwalimu hulisahau. Saa ya chai Marina aliwaambia wanafunzi wapumzike, akaisukuma miwani juu ya paji la uso kama tufanyavyo na miwani ya jua, akageukia mlangoni. Hedley Piercey alikuwa ameingia na sahani ya touton za moto, vile vipande vya unga wa mkate vya kukaanga, zimetoka kikaangoni sasa hivi, zinachuruzika molasi. Hedley hufundisha mabomba karakana ya pili. Ni mcheshi, na mtu mcheshi ni hatari saa ya chai, maana kila aliye karibu naye hutaka kumchekesha.

"Babu yako wa Noggin Bight yu hai?" Hedley aliuliza huku anamimina chai.

"Yu hai. Alumini ndiyo marehemu."

"Acha bwana. Anatetemeka kweli hivyo, au unamwonea?"

"Namwonea? Hebu tazama."

Akasimama katikati ya karakana, glavu bado ziko mkononi. Akainua tochi isiyokuwepo na waya usiokuwepo, akaanza. Alimpata Ambrose sawasawa, hilo siwezi kumnyima: kidole gumba kinachorukaruka, waya unaotafuta kidimbwi na kukikosa, ule mshtuko wa kutoboa, mkono unaorudi nyuma kama umeng'atwa. Hedley akacheka mpaka chai ikamtokea puani.

"Rudia ile ya waya," akasema, anajifuta. "Ile ya waya tu, nakuomba."

Marina akarudia, na mara hii akatia chumvi. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Mkono unayo tele, na siku ile haikusaidia kitu.

Chai ilipokwisha akashusha miwani. Mikono ya Ambrose haikuwepo. Kesho yake haikuwepo pia, na jioni ukaja ujumbe: "Nimeacha, mwalimu. Asante kwa muda wako." Nikisema Marina alihuzunika nitakuwa nampamba. Alishusha pumzi. Alijiambia mzee kajipima mwenyewe, na afadhali kuacha kuliko kuaibika mbele ya msimamizi wa mtihani. Akamtakia heri kwa maneno mawili matatu na kuendelea na wengine.

Aliyemfumbua macho ni Jodie Rumbolt, msichana wa pwani ya Labrador, fundi mzuri mwenye mdomo usio na breki. Siku moja baada ya darasa wenzake walibana viganja wakaondoka, yeye akabaki. Marina aliiona mikono yake imening'inia hewani, imekunjwa ngumi.

"Mwalimu, nikuulize kitu? Usipotaka usijibu."

"Uliza."

"Siku ile saa ya chai. Ulikuwa unamwiga Mjomba Ambrose, sio?"

"Siku gani?"

"Usinifanye mtoto. Mikono yako ilibaki humu. Sauti hatukusikia, ila mikono tuliiona wote. Mimi nilikuwa ndiyo navua, nikadhani mashine imeharibika. Halafu nikaona ile ya waya. Kila mtu humu anajua ile ya waya ni ya nani."

"Na yeye alikuwa bado yupo?"

"Yeye saa ya chai hatoki. Anabaki kujizoesha. Hata hilo hukuwa unalijua?"

Hakulijua.

"Ungekuwa si mwalimu wangu ningekuambia neno," Jodie akasema, "ila kwetu tumelelewa." Akabana viganja, akapotea.

Marina alivua miwani, akavua glavu, akakaa juu ya sanduku la vyuma. Angekuwa amemsema mzee kwa mdomo, angejitetea kwamba maneno ni upepo. Lakini Ambrose aliona tetemeko lake mwenyewe, limechorwa na mtu anayemwita mwalimu, tena limelazwa juu ya mikono yake palepale. Siku nzima Marina alitembea na mikono mifukoni. Watu wakimsalimia aliitoa kwa shida na kuirudisha haraka, kama aliyeshika kitu cha wizi.

Hedley alipoambiwa hakucheka. Alikuna kidevu, kisha akaja na ushauri wake.

"Sema mashine ilipata wazimu. Mtandao ukiwa mbovu ile mikono huwa inarukaruka, kila mtu anajua. Nani atabisha?"

"Jodie alijua."

"Jodie ana macho ya umbea. Mzee atakuamini. Mtu akiumizwa anatafuta sababu ya kuamini, inampumzisha. Utakuwa umemsaidia."

Ushauri ule ulimkaa Marina vizuri, kwa sababu uongo unaomfaa mtu haukosi utamu. Akapiga simu Noggin Bight. Blanche akapokea, sauti laini kabisa: "Hayupo, mpenzi." Akapiga tena: "Yuko nje, mpenzi." Akapiga tena: "Ametoka sasa hivi, mpenzi." Ikaeleweka. Jumamosi akachukua gari, akaendesha saa nyingi kwenye ukungu, na njia nzima alikuwa anaufanyia mazoezi uongo wa Hedley kwa sauti, anajaribu pa kupumzika na pa kutabasamu.

Huku kwetu mlango wa mbele si mlango. Nyumba nyingi hazina hata ngazi yake. Umekaa juu ukutani unangojea jeneza au polisi. Binadamu wa kawaida anazunguka nyuma, anaingia jikoni bila kubisha, anasema ni mimi, anavuta kiti. Marina anajua hayo tangu anatambaa. Lakini aibu humfanya mtu mgeni hata kwao. Alisimama kwenye matope mbele ya nyumba ya Ambrose, kizingiti kinamfika kifuani, akanyoosha mkono akabisha mlango wa mbele.

Ndani kukawa kimya. Kisha kitu kizito kikaburutwa. Mlango ukavutwa, ukagoma, ukavutwa tena ukafunguka, na Blanche akatokea huko juu, aproni imejaa unga, uso hauna damu.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, Shangazi. Mimi ni Marina. Mwalimu wa Mjomba Ambrose."

Blanche alimtazama kutoka juu mpaka Marina akaangalia matope.

"Umenitoa roho kwa hilo? Nimesogeza kabati zima. Zunguka nyuma kama mtu."

Jikoni alimwekea chai na maziwa ya kopo, akamkatia mkate uliokuwa bado una joto. Kwetu hata aliyekukosea anapewa chai, na hiyo ndiyo adhabu yake ya kwanza. Karibu na jiko kulikuwa na begi la safari, limefungwa zipu, buti za kazi zimewekwa juu yake.

"Ndege yake ni Jumatatu asubuhi," Blanche alisema alipoona anaangalia. "Kunywa chai, itapoa."

Marina akanywa. Kisha akaanza pale alipopanga kuanzia. "Shangazi, nimekuja kueleza. Ile miwani, unajua, mtandao ukiwa mbovu, ile mikono wakati mwingine huwa..."

"Nilikuwepo," Blanche alisema. Kisu chake hakikuacha kukata mkate.

"Ulikuwepo wapi?"

"Stoo. Nilimpelekea chai. Nikamkuta kasimama na hiyo miwani yake, mikono juu, inatetemeka yote miwili, kwa nguvu, namna ambayo sijawahi kuiona. Nikadhani kapata kiharusi. Nikamshika bega. Akaniambia, 'Niache, Blanche, mwalimu anaonyesha kitu kipya.'"

Marina akaweka kikombe mezani.

"Alikuwa anakufuata, mpenzi. Ulipotetemesha, naye akatetemesha. Ulipoukosesha waya, naye akaukosesha. Anajitahidi asitoke ndani. Mara ya kwanza aliifuata yote mpaka mwisho. Ulipoanza kurudia ndipo akaacha. Akateremsha mikono, akabaki kutazama. Halafu akavua miwani akaniuliza, 'Blanche, mikono yangu iko hivyo?'"

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia hapana. Nimeishi na mume yule maisha yangu yote sijamdanganya, ila siku hiyo." Akasogeza sahani ya mkate mbele ya mgeni. "Sasa hivi kikombe anakijaza nusu. Mbele za watu hanywi kabisa, anasema hana kiu. Haya, ulikuwa unasema nini kuhusu mtandao?"

"Hakuna, Shangazi," Marina alisema. "Mtandao ulikuwa mzima."

Alimkuta Ambrose stoo, anakunja waya wa mashine. Mzee alivua kofia alipomwona, na kuvuliwa kofia siku ile kulimuuma Marina kuliko tusi.

"Mwalimu. Umetoka mbali."

"Nimekuja kukuomba radhi, Mjomba. Nilikuiga. Nilikuwa namchekesha mwenzangu. Sina kisingizio."

"Ndiyo, niliona." Aliendelea kukunja waya. "Ulinipatia sana. Hasa kidole."

"Mjomba, nisamehe."

"Sikudai neno, mwanangu. Mikono imezeeka. Ulichofanya ni kuonyesha."

Afadhali angetukana. Marina alikuwa amejiandaa kwa hasira, na hasira haikuja, akabaki ameshika aibu yake bila pa kuituliza. Fundi asiyejua la kusema hurudi kwenye kazi. Akaikazia macho meza ya mzee, tochi, vipande vya alumini vilivyotobolewa na kupangwa vizuri pembeni.

"Nionyeshe unavyosimama," akasema. "Mara moja tu, bila miwani."

"Umeshaniona."

"Sijakuona. Niliona mikono tu."

Ambrose hakutaka, lakini kumkatalia mgeni si tabia yake. Akasogea mezani, akashika tochi na waya, akainua mikono. Viwiko vilikuwa mbali na mwili, mikono imening'inia hewani, chini yake hakuna kitu chochote. Ikaanza kutetemeka. Yako ingetetemeka pia. Shika birika lililojaa hivyohivyo, mkono umenyooka, uone utafika wapi.

"Mjomba, mbona huegemei popote?"

"Wewe huegemei."

"Mimi naege..."

Kule chuoni, mbele ya meza yake, kulikuwa na bomba la chuma alilolichomelea mwenyewe alipoanza kazi, limelala usawa wa kifundo cha mkono. Mkono wake ulikaa juu ya bomba lile kutwa nzima. Ulikaa pale muda mrefu hata akaacha kulijua lipo. Na miwani ilituma mikono tu, kwa sababu mikono ndiyo iliyovaa glavu; bomba halikuvaa. Wanafunzi wote waliona mikono iliyotulia hewani juu ya utupu, na huyu mtiifu akainua ya kwake hewani, akajilaumu ilipokataa kutulia. Nyani haoni kundule.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema, hebu jaribu kuegemea, Mjomba, kuna ujanja fulani wa mtihani, na mzee angemshukuru. Hilo lilimpitia kichwani, na simlaumu. Halafu akamwambia.

"Mkono wangu unakaa juu ya bomba. Siku zote. Wewe hulioni, na mimi sikukuambia kwa sababu nilisahau kama lipo. Si mikono yako, Mjomba. Ulikuwa unafuata kitu ambacho hata mimi sikiwezi. Ulitetemeka kwa sababu yangu, halafu nikakucheka."

Ambrose akachukua gogo dogo kutoka kwenye rundo la kuni, akaliweka mezani, akalaza kifundo juu yake. Akavaa kofia ya kuchomelea, akawasha. Marina aligeuza uso kwa sababu ya mwanga, akabaki kusikiliza sauti ya moto, na sauti haikukatika. Ilipozimika akageuka. Mshono haukuwa mzuri wa kupigia picha, lakini ulienda sawa toka huku mpaka kule na haukuwa na tundu hata moja.

Mzee aliutazama. Hakutabasamu.

"Muda wote huu," akasema. "Nimemwambia Blanche mikono imekwisha. Nimewaambia watoto. Nimempigia msimamizi wa Alberta nikamwomba anipe kazi ya kufagia, nikamweleza ni kwa sababu ya mikono. Akanionea huruma, yule kijana."

"Rudi darasani, Mjomba. Mtihani ni Alhamisi. Utapita."

"Na wale wengine? Binti wa Labrador aliona. Wote waliona. Nikiinua mikono mle ndani, watakuwa wanaangalia nini?" Akavua kofia, akaitundika msumarini. "Hapa umeniomba radhi, mimi na wewe na hizi mbao. Kule ulinivua nguo mbele za watu, mwanangu."

Ambrose akarudi kukunja waya, na Marina akatoka. Alipofika kwenye gari Blanche alimfuata na mkate mzima umefungwa kwenye taulo ya jikoni. Alikataa, Blanche akauweka kwenye kiti bila kubishana. Marina aliendesha mpaka barabara kuu ndipo akalia.

Jumatatu darasa lilianza saa ileile ambayo ndege ya Alberta huondoka uwanja wa Gander. Mikono ya wanafunzi ikatokea mmoja baada ya mwingine; mahali pa Ambrose palikuwa patupu. Hedley alikuja na kikombe chake akasimama mlangoni, maana Marina alimwambia aje na akamwambia kwa nini. Marina akavaa glavu, akashusha miwani, akachukua grainda akalikata bomba. Liligoma kidogo, kisha likaanguka sakafuni kwa kishindo.

"Mmesikia kitu kimeanguka na hamjakiona," aliwaambia. "Ni bomba. Mkono wangu umekuwa ukiegemea pale tangu siku ya kwanza, na sikuwaambia."

"Kwani nyie mlikuwa mnaning'iniza mikono?" Jodie akawauliza wenzake. "Mimi naegemeza kwenye kopo la rangi. Nilidhani nadanganya."

"Mimi kwenye ukingo wa meza," mwingine akasema. "Mwalimu alisema tukae ndani ya mikono yake, sikutaka ajue nimetoka."

"Basi Mjomba peke yake ndiye aliyekutii," Jodie alisema.

"Peke yake," Marina alisema. "Akatetemeka. Na siku ile saa ya chai nikasimama hapa nikamwiga, ili mwenzangu acheke. Mliniona. Yeye pia aliniona, na mwanzoni alinifuata, kwa sababu alidhani namfundisha. Nilikwenda kwake kumwomba radhi, akaniambia haikutendeka kwake, ilitendeka humu. Kwa hiyo naisema humu. Sasa tazameni hiyo mikono hodari."

Akachukua tochi na waya, akainua mikono hewani, akawasha.

Moyoni alidhani atavumilia kidogo, kwa heshima ya ufundi wake. Hakuvumilia. Kifundo kilianza, kidole gumba kikafuata. Waya ukatafuta kidimbwi ukakikosa, ukatafuta tena ukakikosa, na sasa hapakuwa na kuigiza. Akatoboa. Mkono ukamruka nyuma. Mlangoni Hedley aliinamisha uso kwenye kikombe. Marina angeweza kuishia hapo, somo lilishaeleweka, lakini aliwasha tena. Akatoboa tena. Mikono ya bluu ilikuwa inatetemeka juu ya mikono ya wanafunzi wake wote, Labrador mpaka kusini ya kisiwa, na hakuna aliyecheka wala aliyesema basi. Machozi yalijaa ndani ya miwani, chuma hakionekani vizuri, akaendelea kuutafuta ule mshono kama mtu anayepapasa gizani.

"Egemeza mkono, binti yangu," sauti ya Ambrose ikasema ndani ya miwani, na mahali pake hapakuwa patupu tena. "Alhamisi tuna mtihani."